"Hajui mapenzi": nani kawaambia?

Najua nimeadimika, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimedisko. Sijadisko. Nipo, Tabora ipo, embe za kwanza zimeanza kudondoka na vumbi la Gongoni liko pale pale mlipoliacha. Nilitaka nirudi na habari za mitihani lakini mitihani itasubiri. Leo nimekuja na ugomvi.

Ugomvi wenyewe unahusu hadithi za mapenzi. Ndiyo, hizo hizo tunazorushiana hosteli mpaka simu zinazimika. Nataka kuuliza: kwa nini mwanamke mwenye usonji akiingia kwenye hadithi ya mapenzi lazima awe na kitu cha kulipia kiingilio? Na kwa nini kwenye hadithi zetu za Kiswahili haingii kabisa, au akiingia anatoka akiwa mtu mwingine?

Nianze na shangazi, maana ndiye aliyenichokoza.

Mwaka jana nyumbani kwetu Gongoni alikuja mshenga na barua ya posa. Aliyeposwa ni dada yangu, binti wa marehemu baba mkubwa. Jina lake silitaji humu. Nilimwomba ruhusa akasema "hapana", hivyo tu, bila kuzunguka, ndivyo alivyo. Ana miaka 27. Anachambua karanga kwa ujira, anapika, anafua, anaswali. Mashine ya kusaga ya jirani ikiwashwa anajifunika masikio kwa kanga na kuingia ndani. Mgeni akija na ule msururu wetu wa salamu, habari za asubuhi, za tangu jana, za watoto, za kazi, yeye anajibu ya kwanza basi. Zilizobaki anaona zimeshajibiwa. Kwa hiyo tangu utotoni ameitwa mwenye kiburi, baadaye zezeta, baadaye "ana watu wake", yaani majini. Amesomewa, amefukizwa, amefungwa hirizi. Majini hayakutoka kwa sababu hayakuwemo.

Mposaji ni fundi wa redio na simu pale sokoni. Walijuana kwa redio ya marehemu baba mkubwa, ambayo dada huipeleka kila inapokoroma. Kila Alhamisi anampelekea karanga za kukaanga, zote za saizi moja, ndani ya kopo la maziwa. Kila Jumamosi kopo linarudi limeoshwa. Mambo haya yamekwenda hivyo karibu miaka miwili na mtaa mzima unaona, lakini hakuna aliyeyaita mapenzi, maana hapakuwa na meseji wala kununiana.

Basi kikao kikakaa. Shangazi akasema: "Huyu mtoto hajui mapenzi. Tusimdhulumu kijana wa watu." Wazee wakatikisa vichwa. Barua ikarudishwa kwa adabu zote, na mshenga akanyweshwa soda yake.

Nyumba yetu haina dari. Neno la sebuleni unalisikia hata ukiwa uani. Usiku ule dada aliniuliza, "Hajui mapenzi maana yake nini? Ni yapi hayo nisiyoyajua?" Mimi ninayesoma elimu maalumu, mwenye daftari zima la usonji, nilimwambia alale, tutaongea kesho. Kesho hiyo imechukua mwaka.

Niseme mapema kabla hamjanirukia: dada hana karatasi ya daktari, na mimi si daktari. Huku kwetu mtu akitaka bingwa wa mambo hayo anawaza Bugando au Muhimbili, na nauli ya huko ni karanga nyingi sana. Ninachosema ni kwamba nilipofundishwa usonji darasani nilikuwa nasikiliza habari za mtu ninayelala naye chumba kimoja.

Tena kuna sababu ya wanawake wa namna hii kupita bila kuonekana. Leo Kanner alipoandika Marekani mwaka 1943, kati ya watoto wake 11 wasichana walikuwa 3 tu. Hans Asperger kule Vienna mwaka 1944 alieleza wavulana wanne. Kabla yao wote kulikuwa na daktari mwanamke wa Kisovieti, Grunya Sukhareva, aliyeandika kuhusu wavulana katikati ya miaka ya 1920 na mwaka 1927 akaandika kuhusu wasichana, na dunia ikamsahau kwa miongo mingi. Vitabu vikakaa na hesabu ya wavulana wanne kwa msichana mmoja. Mwaka 2017 watafiti walipokusanya tafiti nyingi pamoja walikuta uwiano uko karibu zaidi na watatu kwa mmoja, na wakasema wazi kwamba wasichana wengi wanakosa kutambuliwa. Kwetu fumbo ni gumu zaidi. Msichana asiyemtazama mtu machoni, Marekani anapelekwa kupimwa. Gongoni anasifiwa: ana adabu, ona anavyoinamisha macho! Anayemponza ni salamu tu.

Haya, sasa vitabu.

Aliyenianzishia ni mwenzangu wa chumba hosteli. Alinirushia The Kiss Quotient ya Helen Hoang, kitabu cha mwaka 2018 (tulikipataje, tusiulizane). Ndani yake yuko Stella Lane, miaka 30, mtaalamu wa takwimu za uchumi huko California, mwenye usonji. Anaona mapenzi hayawezi, kwa hiyo anamkodi kijana mmoja, Michael, ambaye kazi yake ni kulipwa na wanawake, ili amfundishe. Anaandaa hadi mpango wa masomo, na visanduku vya kuweka vema! Nilicheka peke yangu kitandani saa nane za usiku. Nikakisoma siku mbili, na nikakipenda, tusidanganyane.

Mwandishi mwenyewe ana usonji. Alithibitishiwa mwaka 2016 akiwa mtu mzima, baada ya mwalimu wa mtoto wake kutaja jambo hilo juu ya mtoto naye akaanza kusoma akajikuta anajisoma mwenyewe. Kwa hiyo simrushii mawe. Mtu anayeandika kutoka ndani ana haki ya kuandika Stella anavyomjua. Ninaowagombeza ni wale waliopokea kitabu na kusema sasa mwanamke mwenye usonji kapata mapenzi yake, tumemaliza. Jamani, mnamwonaje Stella? Ana kazi ya heshima, ana hela mpaka anaweza kununua masomo ya mapenzi, na ubongo wake unatafuna namba. Mwondolee hela, mwondolee namba, mwache na masikio yanayoumizwa na kelele na mdomo usiojua kuzungusha maneno. Mweke juu ya jamvi la kuchambulia karanga. Bado yumo kwenye hadithi? Bado kuna Michael atakayegonga mlango?

Hapo ndipo ninaposema kiingilio. Mwanamke wa kawaida kwenye riwaya za mapenzi anapendwa kwa sababu kapendwa. Anaanguka kwenye dimbwi, anasaidiwa kuinuka, ndoa. Huyu wetu kwanza athibitishe faida yake. Awe bingwa wa namba, au wa muziki, au wa sheria, ndipo msomaji akubali kwamba mwanaume hajapata hasara. Ukitazama vizuri ni hesabu ile ile ya shangazi: "tusimdhulumu kijana wa watu". Shangazi aliona mizani haijalingana akarudisha barua. Waandishi wameona mizani haijalingana wakaongeza kipaji upande wa pili. Wote wamekubaliana kwamba usonji ni hasara inayotakiwa kufidiwa.

Hoang huyo huyo ana kitabu kingine, The Heart Principle cha 2021, na hicho kilinishika pabaya. Anna anapiga fidla, amechoka hadi ndani ya mifupa kwa kujifanya mtu mwingine mbele ya watu, na anapoambiwa na mtaalamu kwamba ana usonji, dada yake mkubwa anakataa katakata. Wewe huna kitu, wewe uko sawa. Nilifunga simu nikakaa. San Francisco familia inamwambia binti uko sawa, nyamaza. Gongoni familia inamwambia binti hauko sawa, nyamaza.

Kilichonikaribia zaidi ni cha Talia Hibbert, Mwingereza mweusi mwenye usonji pia, kinaitwa Act Your Age, Eve Brown (2021). Eve ana miaka 26, ni mnene, ni mweusi, kila kazi anayoianza inamshinda. Si mtaalamu wa namba wala nini! Anamgonga kwa gari mwanaume aliyekuwa akimsaili kazi, Jacob, ambaye mwenyewe ana usonji na anajua, na polepole Eve naye anajitambua. Wawili hao wanaambiana vitu kwa maneno: hiki nakipenda, hiki kinaniumiza, usinishike bila kuniambia. Hapa nilipiga makofi kweli. Ila ngoja niwe mchokozi mpaka mwisho: Eve naye ana wazazi matajiri. Kushindwa kazi mara kumi ukiwa na nyumba ya kurudi ni vituko vya kuchekesha. Kushindwa mara moja ukiwa huna, watu wanasema si tulisema.

Na ile tamthilia ya Kikorea. Extraordinary Attorney Woo, 2022. Hosteli nzima ilisimama. Wakili Woo Young-woo, usonji, kumbukumbu ya ajabu, nyangumi kila saa, na kijana Jun-ho anayempenda. Wasichana wa korido yetu walilia walipoachana. Nilikuwa nimekaa nao, nikala bisi zao, na nikawasikia wiki hiyo hiyo wakimwigiza mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza anayekula peke yake na kutembea ameziba masikio. Walimwigiza vizuri, hadi mikono. Niliwauliza, huyu na Woo tofauti yake nini? Mmoja akajibu bila kufikiri: "Woo ni mzuri bwana, halafu ana akili." Kiingilio hicho, ametaja hadi bei.

Tena tamthilia yenyewe ilijua. Kuna mahali Jun-ho anatembea na Woo na mtu anayemfahamu anadhani yuko kwenye kazi ya kujitolea, kusaidia walemavu. Mapenzi hayakumjia akilini hata kidogo. Dakika ile ni bora kuliko nyangumi wote. Lakini mtazamaji wetu anaipita, kwa sababu anajiona yeye si yule mpita njia. Nani atajiona?

Nimewaandama wa mbali, sasa turudi nyumbani, maana nyumbani ndiko kunauma.

Hadithi za mapenzi za Kiswahili nimezisoma tangu darasa la tano. Zile za magazeti zenye "itaendelea" pale pale utamu ulipo, vitabu vya kukodi, na siku hizi za kwenye simu, sehemu ya 1 mpaka sehemu ya 60, ukitaka mwisho tuma hela. Sijakutana na mwanamke mwenye usonji anayeitwa hivyo. Neno lenyewe usonji watu wengi hukutana nalo kwenye redio tarehe 2 Aprili, siku ya dunia ya usonji, kesho yake limekwenda. Ninayekutana naye ni binti "zezeta", au "bubu wa ajabu", au "asiyejielewa". Na huyo ana njia mbili tu. Ya kwanza, anabakwa sura ya tatu ili shujaa wa kiume apate hasira. Ya pili, inagundulika karogwa na mama wa kambo, anaombewa au anapelekwa kwa mganga, anafumbua macho, kumbe ni mrembo na anaongea kama mtangazaji, tajiri anamwoa. Yaani apendwe baada ya kuondoka! Aliyekaa kimya kurasa arobaini hakuoleka, aliyeolewa ni mwingine aliyetokea badala yake. Dada yangu alinisikiliza nikimsomea moja ya hizo, mwishoni akauliza, "Yule wa kwanza amekwenda wapi?" Nikadhani hakuelewa hadithi. Leo naona mimi ndiye nilikuwa sijaielewa.

Halafu kuna ule wimbo wa macho. Kila hadithi: macho yao yakagongana, moyo ukaelewa, hakuna neno lililosemwa. Tumeuokota wapi jamani? Filamu za Kihindi? Mimi naona ni uongo juu ya jinsi tunavyooana. Hebu tazameni mila zetu wenyewe, kuanzia pwani zilikotoka nyingi mpaka hapa zilipofika na misafara. Kijana akitaka mke hamtazami machoni, anaandika barua. Barua inachukuliwa na mshenga, mtu maalumu ambaye kazi yake ni kusema kwa maneno kile ambacho mwenyewe hawezi kukisema. Upande wa pili unajibu kwa barua. Mahari inatajwa, inaandikwa, inahesabiwa, hakuna cha kubahatisha. Binti anapewa kungwi, na kungwi hasemi kwa macho. Anasema kwa mdomo, kitu kimoja baada ya kingine, tena mambo ambayo siwezi kuyaandika humu mama yangu akayaona. Hata ugomvi tumeuwekea maandishi: mtu akiwa na donge na jirani anavaa kanga yenye jina lake, jirani asome mwenyewe.

Kumbe Stella wa California anatafuta mtu wa kumlipa amfundishe kwa mpango na visanduku vya vema, sisi tuna kungwi! Eve na Jacob wanahangaika mpaka katikati ya kitabu ndipo waanze kuambiana vitu waziwazi, sisi tuna mshenga anayeanza nayo mlangoni. Hakuna mahali pa dunia hii panapomfaa mwanamke mwenye usonji kuwa mhusika mkuu wa hadithi ya mapenzi kuliko Gongoni, na hakuna mwandishi aliyemwandika.

Na mji wenyewe tuukumbuke. Wamanyema, Waarabu, Waswahili wa pwani na wenyeji Wanyamwezi walikutana hapa kwenye njia ya misafara, kila mmoja na lugha yake. Sisi ni wajukuu wa watu waliooana kwa mkalimani. Leo tunamwambia mtu hajui mapenzi kwa sababu hajui kuyasema kwa macho?

Mji huu pia una shule ya viziwi tangu 1963, ya kwanza Tanzania. Tumekua tunawaona wakipita, tunajua viziwi wanaoana na kuzaa na kugombana kwa mikono saa mbili za usiku kama watu wengine wote. Sijawahi kusikia shangazi akisema kiziwi hajui mapenzi. Tuliwazoea. Tulipewa nafasi ya kuwazoea. Hadithi ingeweza kufanya kazi hiyo kwa dada, kumzoeza mtu kabla mshenga hajabisha hodi.

Mtaniambia Kezilahabi. Sawa, Rosa Mistika (1971). Rosa wa Ukerewe hana usonji wala sidai hivyo. Lakini tazameni kinachomwangusha: barua. Baba anamkuta na barua ya kijana anampiga, na hakuna mtu anayekaa naye kumweleza mwanaume ni nini na hapana inasemwaje. Anaachwa abuni mwenyewe, na tunajua alikoishia. Kitabu kile kiliwahi kuzuiwa shuleni kwa sababu kilisema mambo waziwazi. Nchi hii inawaogopa zaidi wanaosema kuliko wanaofanya.

Sasa hoja ya shangazi, maana nisipoisema mtasema nimemwonea. Shangazi si mtu mbaya. Nilipombana alisema kitu cha kweli: wapo wanaume wanaotafuta mke wa namna hii makusudi, kwa sababu wanadhani hatajua kusema hapana, hatajua akiibiwa, hatajua akipigwa kwamba amepigwa. Wapo. Nimefundishwa darasani na nimewaona mtaani. Hata tamthilia ya Woo ina kesi ya mwanamke mwenye ulemavu wa akili na mwanaume anayesema anampenda, na unatoka hapo tumbo limekukaza, hujui umwamini nani. Hofu hiyo naikubali yote.

Lakini shangazi, hofu hiyo inajibiwa kwa kumwuliza mhusika. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka kila mmoja akubali kwa hiari yake. Dini yetu nayo inataka binti atakwe idhini. Sisi tumezoea kuisoma idhini hiyo kama kufuli la kuzuia ndoa asiyoitaka, na ni sawa, lakini mlango wenye kufuli pia hufunguliwa. Kama anajua kusema hapana kwa jina lake kutajwa na mdogo wake, tena mara moja bila kuona haya, kwa nini mnadhani hatajua kuisema kwa mwanaume? Mimi ndiye nisiyejua kusema hapana. Mimi ninayetazama watu machoni na kujibu salamu zote nimekaa na mwanaume mwaka mzima kwa sababu niliona aibu kumwambia niache. Hakuna kikao kilichokaa kusema mimi sijui mapenzi.

Nilimwuliza dada kwa nini anamtaka fundi. Nilitegemea maneno ya kitabuni. Alifikiri muda mrefu, mikono inachambua, kisha akasema: "Akisema Jumamosi, ni Jumamosi."

Nimesoma riwaya nne na vipindi 16 vya tamthilia na sijaona tamko la mapenzi lililonyooka namna hiyo. Nani ataliandika? Simtaki mwandishi wa kumwonea huruma. Namtaka atakayemwacha awe mkaidi, awe mchoyo wa kopo lake, atamani mwili wa mume wake (ndiyo, nimesema), achoke na ndoa siku nyingine kama wanavyochoka wote, na sura ya mwisho bado mashine ya kusaga iwe inamuumiza masikio. Asipone. Asigundulike kuwa bingwa wa kitu. Hela za mahari zisiwe nyingi.

Mshenga amerudi wiki iliyopita. Yule yule, barua mpya. Baba mdogo, ambaye ndiye walii, ameiweka kwenye droo ya kabati bila kuifungua, kikao ni Jumapili baada ya adhuhuri. Nimeomba nikae nikaambiwa wasichana hawakai. Nikaomba basi dada mwenyewe aitwe aulizwe mbele ya wote, kwa swali moja la wazi, si kwa mafumbo. Baba mdogo hajakataa. Amesema ataona. Shangazi hajasema kitu, na kumfahamu kwangu, shangazi akinyamaza kuna mawili.

Jana usiku nilimsomea dada haya yote kabla ya kuyaweka humu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kopo si la maziwa, ni la Blue Band, na kwamba linarudi Jumamosi asubuhi, si Jumamosi tu. Kisha akataka kujua kikao kitakuwa sebule kubwa au barazani, na kama ataitwa, atakaa upande gani. Nimemwambia karibu na mlango. Ameshakiosha kigoda.